Ijumaa za Vuli

Babangu alikuwa fundi wa saa. Duka lake lilikuwa chini ya nyumba yetu, Kibokoni, chumba chembamba chenye mlango mmoja uliotazama njia, na sisi tulikaa juu: yeye, shangazi, dada yangu na mimi. Mamangu alikufa nikiwa mdogo sana. Simkumbuki, ninachokijua ni kile nilichoambiwa. Shangazi, aliyekuwa mkubwa kwa baba na mjane, ndiye aliyehamia kwetu akatulea.

Shule ya wasichana ilikuwapo mjini siku hizo, na baadhi ya jamaa zetu walishaanza kupeleka binti zao. Shangazi hakutaka hata kusikia. Baba hakubishana naye, maana alimheshimu, na tena alikuwa mtu asiyependa kelele ndani ya nyumba. Alisema tu kwamba atatusomesha yeye. Asubuhi tulikwenda chuoni, kwa bibi mmoja wa mtaa wetu aliyefundisha wasichana Kurani kwenye baraza ya ndani. Alasiri tulikaa chini ya meza ya baba, miongoni mwa saa zilizofunguliwa matumbo, tukaandika kwa chokaa juu ya ubao wa sanduku. Alitufundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisha akatuongeza zile za Kizungu, na hesabu kidogo. Mteja akiingia, tulinyamaza. Akitoka, somo liliendelea pale lilipokatika, au halikuendelea kabisa, kwa kuwa baba mara nyingi alisahau tulikuwa tumefika wapi.

Lakini masomo yenyewe, yale yaliyotukaa, yalikuwa ya Ijumaa.

Baada ya sala ya Ijumaa hakufungua duka. Alikula, akalala kidogo, akatoa saa yake ya mfukoni akaiacha juu ya meza, kisha akatuita. Niliwahi kumuuliza kwa nini anaiacha. Akasema, "Juma zima nasikiliza saa za watu. Leo nataka siku isiyonidai." Wakati wa kusi, bahari ilipokuwa chafu na upepo mkali, hatukwenda mbali. Vuli ndiyo iliyokuwa wakati wetu. Ile mvua ya mwisho wa mwaka ilikuja fupi fupi, ikanyesha, ikakatika, ikaacha mji umeoga, na vitu vyote vilivyojificha wakati wa kiangazi vikatoka. Jongoo walipanda kuta. Kumbikumbi waliruka, wakadondosha mbawa zao vizingitini. Majani ya mikungu yaligeuka mekundu, yakaanguka njiani, na dada akayaokota makubwa makubwa akayafanya vipepeo vya mkono.

Zamani kidogo, kabla sijapata akili, baba alikuwa akimpeleka dada Ras Serani. Vita vya pili vya Wazungu vilipokuja, ufuo ule ukawa wa wanajeshi. Mara moja tulijaribu kupita, askari akatoka akatunyooshea mkono turudi. Baba alimwamkia kwa adabu, akageuka, na tangu siku hiyo tukawa tunakwenda upande wa pili, Mzizima, mpaka mwisho kabisa penye mikoko na tope, ng'ambo yake Kisauni. Shangazi alitufungia mahamri na mbaazi ndani ya kikapu. Tulitembea taratibu, baba mbele, mikono nyuma, nasi na mitandio yetu kichwani tukimfuata.

Pale ufuoni hakutufundisha kama mwalimu anavyofundisha. Alikaa juu ya jiwe akanyamaza. Kisha, baada ya muda mrefu, aliuliza, "Mwaona nini?" Sharti lilikuwa moja: useme kitu ambacho mwenzako hajakisema. Mimi nilisema upesi upesi vitu vikubwa, maji, mti, mtumbwi, nikamaliza. Dada hakuwa na haraka. Alikuwa amenizidi miaka mitatu hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja alipokuwa akitazama, kama anayesikiliza.

Siku moja maji yalikuwa yametoka mbali, na sululu walikuwa wameshuka kwenye tope, ndege wale warefu wa miguu wanaokuja kwetu vuli kutoka nchi za baridi. Mimi nikasema naona ndege. Dada akatazama, akatazama, akasema, "Mdomo wake ni ra."

Baba akageuza uso. "Vipi ra?"

Dada akachukua kijiti, akaandika herufi ra ya Kiarabu juu ya mchanga uliolowana, ule mkunjo mmoja unaoshuka chini. Kweli ulikuwa mdomo wa sululu. Kisha akaonyesha mashimo ya kaa, akasema yale nayo ni nukta, ila mwandishi wake amesahau kuweka herufi. Akachora mstari juu ya shimo moja ukawa ba. Akachora chini ya mashimo mawili ukawa ta. Nami nikaingia katika mchezo huo, na baba akainuka jiweni akaingia pia, kanzu yake ameikunja mpaka magotini, na alasiri ile tuliandika tope lote la Mzizima kwa mashimo ya kaa. Sijapata kumwona babangu akicheka vile, kabla wala baadaye. Tuliporudi nyumbani shangazi alitazama kanzu yake, akasema, "Watoto ni watatu nyumba hii."

Ndivyo tulivyojifunza mambo mengi. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu yasiyosogea mbali, tulivijua kwa mwezi, na baba alitutaka tumwambie mapema Ijumaa ipi tutakuta maji nje na ipi tutayakuta yamejaa. Tukikosea, tulikuta maji yameshika mikoko, tukala mahamri yetu juu ya jiwe, tukarudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yetu.

Kisha dada akavunja ungo.

Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba shangazi alikuwa na dada chumbani siku kadhaa, na wanawake wawili wa ukoo walikuja wakaondoka. Ijumaa ilipofika nilivaa mtandio wangu nikateremka. Baba alikuwa ameshika kikapu. Dada alisimama juu ya ngazi, na shangazi mbele yake.

"Huyu hatoki tena," shangazi akasema. Hakusema kwa ukali. "Sasa ni mwanamke."

Baba akatazama juu. "Hata Ijumaa hii, dada yangu?"

"Hata Ijumaa hii. Wajua mwenyewe. Wataka watu wakuseme?"

Nilingoja baba aseme neno. Nilidhani atasema, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, na kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba Ijumaa ile ni kitu kinachoweza kukatazwa. Alisimama pale na kikapu chake. Kisha akaniambia, "Haya, twende," na tukatoka wawili.

Nakumbuka njia yote ile. Tuliamkiwa na wenye maduka, baba akajibu. Kulikuwa na mawingu. Mzizima tulikuta maji nje kama tulivyohesabu, na ndege walikuwako, na baba hakuuliza tunaona nini. Mimi nilimsubiri aulize. Nilikuwa na kitu cha kusema, lakini sasa sikuwa na mtu wa kunitangulia wala wa kunifuata, na mchezo wa mtu mmoja si mchezo. Tulikula. Mahamri yalibaki.

Niliporudi, dada alinivuta chumbani. "Nambie," akasema. Nikamwambia: tumekwenda, tumekaa, tumerudi. Hakuridhika. Akaniuliza sululu walikuwa wakitazama upande gani. Sikujua. Akaniuliza maji yalikuwa yamefika mkoko upi, ule uliopinda au ule wa mbele yake. Sikujua. Akageukia kazi yake ya kudarizi kofia.

Ijumaa iliyofuata nilitazama. Nilitazama kwa ajili yake, kila kitu, mpaka macho yakauma, nikakirudia moyoni njia nzima ili kisinitoke. Nilimletea pia: jani la mkungu, ganda tupu la koa, tope lililokauka lenye alama ya unyayo wa ndege. Aliyapanga dirishani. Vuli ile yote tuliishi hivyo. Mimi nilikuwa nje na yeye ndani, na kilichokuwa kati yetu kilikuwa maneno yangu. Nadhani ndipo nilipojifunza kuona, wakati huo, si kabla. Baba alilitambua hilo. Alisema kwa sauti ya chini, "Umeanza kukawia kama dadako." Lakini nilipokuwa naye kule ufuoni nilijiona nimekaa peke yangu, naye pia amekaa peke yake, kila mtu juu ya jiwe lake.

Vuli ya pili dada alipunguza maswali. Aliniuliza kama mvua imenyesha huko, nikamjibu, basi. Vitu vya dirishani shangazi alivifagia siku moja alipokuwa akisafisha, na dada akaendelea na kofia yake. Alikuwa amejua kudarizi vizuri mno. Watu walikuja kumposa kwa niaba ya mfanyabiashara wa Malindi, mtu mwema na wa jamaa tuliowajua, na baba akakubali.

Harusi iliwekwa mwanzo wa mwaka uliofuata, mvua za vuli zikiisha. Zilipobaki siku chache, baba alipanda juu akakaa na shangazi sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nikipepeta mchele, nikasikia.

"Nataka kumtoa mara moja kabla hajaondoka," baba akasema. "Nitakodi gari. Ataingia mlangoni kwetu, na pazia litafungwa. Nawe utakuwa pamoja naye."

Shangazi akauliza, "Wapi?"

"Mzizima."

"Kuna nini Mzizima?"

Baba hakumjibu. Shangazi akasema, "Ni mwanao. Lakini mimi nitakaa naye ubavuni." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikubali jambo asilolielewa, na nilimpenda kwa hilo.

Gari lilikuja alasiri ya Ijumaa. Dada alivaa buibui jipya la harusini. Tulikaa nyuma watatu, baba mbele na dereva, Mhindi mmoja wa Bondeni aliyejuana na baba kwa sababu ya saa zake. Njiani dada hakufunua pazia. Mimi nilifunua ncha yake kidogo nikamwambia tumefika wapi, tumepita nini, akaitikia kwa kichwa.

Tulipofika, dereva aliteremka akaenda mbali kidogo akatupa mgongo, kama alivyoombwa. Baba akafungua mlango. Maji yalikuwa nje. Nilikuwa nimeyahesabu mimi, na nilikuwa nimeogopa juma zima kwamba nimekosea. Sululu walikuwako, wengi kuliko siku zote. Baba akampa dada mkono, dada akashuka, akasimama karibu na gari, buibui lake limeshikwa kidevuni. Upepo ulilivuta.

"Njoo mpaka pale jiweni," baba akamwambia.

Dada hakusogea. Alitazama tope, kisha akatazama nyuma, njiani, kisha upande wa mikoko. Nikaona kwamba hatazami ndege. Alikuwa akitafuta watu.

"Hakuna mtu," akasema shangazi, yeye aliyekuwa akiogopa watu.

"Wapo," dada akasema.

Palikuwa na mvulana mmoja mbali kabisa, akichimba chambo, ameinama, hakutuona wala hakututaka. Baba aliingia topeni peke yake, viatu mkononi. Aliinama akaandika kitu kwa kidole, penye shimo la kaa. Sikuona aliandika nini. Aligeuka akamtazama dada, akangoja, na kanzu yake ilikuwa inagusa maji.

"Baba," dada akasema, "turudi. Watu watanitazama."

Alisema kwa upole, kama anayemwomba mtoto. Baba akabaki pale kidogo. Kisha akatoka topeni, akajipangusa miguu kwa majani, akavaa viatu bila haraka. Dada alipoingia chumbani alivua buibui, akalikunja vizuri, akalirudisha sandukuni. Nilitaka kumuuliza alichokiona. Nilisimama mlangoni, nikashindwa, nikaenda zangu.

Akaolewa, akapelekwa Malindi kwa basi, na nyumba ikatanuka. Sijui niseme vipi vingine. Vyumba vilevile, ngazi ileile, lakini sauti yangu nikiita jikoni ilikwenda mbali kabla haijajibiwa.

Vuli iliyofuata ilikuwa yangu ya mwisho, ingawa sikujua. Vita vilikuwa vimekwisha, vile vitambaa vyeusi vya madirishani, vya kuficha taa usiku ndege za vita zisituone, shangazi alikwisha kuvigeuza mito. Baba na mimi tuliendelea na Ijumaa zetu, lakini mara nyingi hatukufika. Tulifika Bondeni, akazungumza na mtu, tukarudi. Siku moja mvua ilitukamata pale, tukajificha chini ya ukingo wa paa la duka lililofungwa. Maji yalishuka mbele yetu kama pazia la ushanga. Watu wote walikuwa wamekimbilia majumbani, hapakuwa na mtu njiani ila sisi.

Baba akasema, akitazama mvua, "Nilitaka mjue kutazama. Sikufikiri mtatazama nini mkiwa ndani."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili au zaidi kidogo. Nilielewa anasema juu ya dada, na nilielewa pia anasema juu yangu. Nikamshika mkono wa kanzu. Mvua ilipopungua tulikwenda nyumbani, kila mtu akiruka madimbwi upande wake.

Zamu yangu ilikuja kabla ya Ramadhani. Safari hii shangazi hakusimama juu ya ngazi. Aliniambia tu asubuhi nikiwa nasuka nywele, akanipaka mafuta kichwani muda mrefu kuliko kawaida. Baba alinipandishia ubao wangu kutoka dukani, na vitabu vichache alivyokuwa navyo, na kioo kimoja cha kukuzia alichotumia jichoni kutazamia saa. Nilikitumia kuangalia nyuzi za mkeka, na ngozi ya mkono wangu, na sisimizi. Kulikuwa na dirisha la kimiani. Nje yake niliona ukuta wa msikiti, kunguru, na mlango wa duka la Mhindi wa kitambaa ambaye kila asubuhi alimwaga maji kizingitini akafagia. Nilimjua mtu yule mpaka mwendo wa bega lake. Yeye hakupata kujua kwamba niko.

Ijumaa ya kwanza nilisikia baba akilala, akaamka, akakaa. Nilisikiliza mlango wa chini. Haukufunguliwa. Nikamtuma shangazi amwambie aende. Baba akaja mwenyewe, akakaa mkekani pangu.

"Mbona hukwenda, baba?"

"Peke yangu naona njia tu," akasema.

Tukaandika hesabu pamoja, nikamaliza kabla yake. Aliendelea kunisomesha jioni, mwaka ule na mwaka wa pili, nami nikawa najua mengi, lakini masomo yalikuwa ya mezani. Tulikuwa tunapendana sana na hatukuwa na la kuzungumza.

Dada alirudi kwetu kuzaa mtoto wake wa kwanza, akakaa arubaini yake chumbani kwangu. Ilikuwa vuli. Nilimngojea kwa furaha kubwa. Nilidhani tukiwa wawili ndani, sote wawili sasa wanawake, tutazungumza yale yote. Alikuwa amenenepa, mzuri, mwenye sauti ya mwenye nyumba. Alizungumza juu ya mawifi zake, juu ya maziwa, juu ya bei ya vitambaa Malindi. Siku zikapita. Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, mtoto amelala, nikamuuliza, "Wakumbuka Mzizima?"

Akafikiri. "Nakumbuka tope," akasema. "Na baba alivyokuwa akituchafulia nguo." Akatabasamu, kisha akaniomba nimpe kitambaa cha mtoto kilichokuwa kimeanikwa nyuma yangu.

Nikampa. Sikuuliza tena. Nilipolala kando yake nilijua kwamba mtu niliyekuwa nikimtazamia vitu kule ufuoni hayuko, na kwamba hakuondoka siku ya basi. Alikuwa ameondoka polepole ndani ya chumba hikihiki, nami nimekaa naye nisimwone.

Mwishoni mwa miaka ile niliolewa, Bondeni, kwa mtu mwenye duka la samli na nafaka karibu na Marikiti. Alikuwa mpole, mwenye kazi nyingi, akitoka alfajiri na kurudi isha. Mavyaa, mamake mume wangu, alikuwa kiziwi. Nyumba ilikuwa ya ua, kuta ndefu pande zote. Niliposikia majirani wana mabinti wasiopelekwa shule, niliomba ruhusa nikawakusanya alasiri jikoni kwangu. Walikuja watano, mara nyingine sita. Niliwafundisha herufi na hesabu, na kushona kwa ajili ya kuwaridhisha mama zao. Walikuwa wakinipenda, nadhani. Walipoondoka, ua ulinyamaza tena, nikaosha vikombe.

Vuli ya kwanza pale, mvua ilipokuwa imekatika, niliwatoa uani nikawaambia watazame, kila mmoja aniambie kitu ambacho mwenzake hakukisema. Wakatazama kuta. Mmoja akasema pipa. Mmoja akasema kamba ya nguo. Mdogo wao alikuwa na miaka sita au saba, alizaliwa mtaa uleule, akaniuliza, "Mwalimu, bahari iko wapi?"

Haikuwa mbali. Mtu mzima hatembei hata robo saa. Nikanyoosha kidole kwenye ukuta wa mashariki, nikamwambia iko huko. Alitazama ukuta, akangoja. Wenzake wakatazama pia. Kisha mvua ikaanza tena, tukaingia ndani.